Ukoko wa Kasarani

Hotuba ile iliunguza pilau yangu.
Nasema hivi mapema, msije mkadhani
mimi ni mtu wa kubeza kila kitu.
Sufuria ya tatu, kilo hamsini za mchele,
makaa nilishayapunguza, nilishafunika,
nilikuwa nangoja tu.

Tulikuwa nyuma ya ukumbi, kwenye hema la jikoni,
wapishi kumi na wanne na spika moja tuliyofungiwa
ili, alisema mweka hazina, na sisi tujione wajumbe.
Chama chenyewe kina deni langu la mkutano uliopita:
kondoo sita, gesi, na usiku mzima wa kukata vitunguu.
Nilikwenda pale na ankara kwenye sidiria.
Nilikwenda nimeziba masikio.

Akaanza polepole, kama mtu anayetafuta miwani yake.
Akataja bei ya mafuta taa. Akataja mama mmoja wa Mwiki
aliyemwekea mgeni kijiko cha mwisho cha sukari,
chai yake mwenyewe akainywa hivyohivyo.
Mbithe akaacha kiazi nusu na ganda lake.
"Huyo ni shangazi yangu," akasema. Si shangazi yake.
Shangazi yake anaishi Tala na hanywi chai.

Kisha akanyamaza.
Sijui alihesabu hadi ngapi. Watu elfu nne,
na ungesikia mfereji ukidondoka.
Akasema: "Nchi hii haikosi chakula.
Inakosa aibu."

Ukumbi ukapaa. Spika yetu ikakoroma, ikazimika, ikarudi.
Otwori, askari wa lango, anayeapa kila uchaguzi
kwamba hapangi foleni tena,
alivua kofia akaishika kifuani kana kwamba limepita jeneza.
Kijana wa kuosha vyombo alipiga sufuria kwa upawa.
Nami, na umri huu, na ankara ile ikinikwaruza,
nililia. Machozi ya kweli, si ya vitunguu,
vitunguu vilikwisha saa nne.

Ndipo nikanusa.

Walipotoka kula walikuwa wameiva kuliko nyama yangu.
Mjumbe mmoja wa Kwale alisema sasa ameona rais.
Mwenzake, sahani mbili mkononi, akasema maneno ni matamu
ila kura yake ilishanunuliwa tangu Alhamisi,
na yeye si mtu wa kuvunja ahadi.
Wakacheka. Mwanamke wa Lodwar hakucheka;
alikuwa akiyaandika maneno yale kwenye kiganja
kwa kalamu iliyokauka, akibonyeza, akibonyeza.

Nikamfuata mweka hazina hadi kwenye gari.
Akanishika mkono kwa mikono yote miwili.
"Mama Mbula, umemsikia mzee? Inakosa aibu!"
Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa amelia kama mimi.
Nadhani hilo ndilo lililonimaliza:
hakuwa akinidanganya.
Akapandisha kioo.

Usiku, Githurai, mume wangu akauliza, alisemaje?
Nikasimama katikati ya chumba, nikainua kidole,
nikaanza polepole, nikatafuta miwani nisiyo nayo.
Haikutoka. Kinywani mwangu yalikuwa maneno matatu manne
kuhusu chakula.
Nilichoweza kumwonyesha ni kule kunyamaza.
Tukanyamaza, yeye na mimi, mpaka akauliza
kama nimelipwa.

Nikafungua mfuko. Ukoko wa sufuria ya tatu,
mweusi chini, juu bado una iliki.
Watoto waliokuwa wamelala wakaamshwa na harufu,
wakaugombania, wakaukwangua kwa kucha,
wakasema, mama, huu mtamu,
kesho uunguze tena.